Noti ya Mwalimu Rudia

Wanafunzi walimwita Mwalimu Rudia kwa sababu neno hilo halikumwisha mdomoni. Sauti ya tatu mmelala, rudia! Alianza kufundisha muziki akiwa kijana wa miaka ishirini na mbili, katika chumba kilichokuwa stoo ya madawati mabovu. Miaka thelathini na minane baadaye alikuwa mle mle, akiwafokea watoto wa wale aliowafokea mwanzo. Vikombe vya mashindano vilijaa kabatini, marafiki hakuwa nao. Mkewe alimpata kwenye kwaya, akamkosoa mbele za watu mara moja tu, na tangu siku hiyo mama wa watu hakuimba tena, hata akifua. Mwalimu hakuona ajabu. Kosa ni kosa.

Alijivunia jambo moja kuliko vikombe vyote: hakuhitaji kinanda kuanzisha wimbo. Alifumba macho, akavumisha noti puani, kwaya ikaidaka.

Basi alipoletewa mwalimu msaidizi, binti mpole, alijua wanataka kumng'oa. Akamchukia kabla hata ya salamu. Siku ya tatu, wakati wa mazoezi, yule binti akasema mbele ya kwaya na mkuu wa shule:

"Samahani, Mwalimu. Noti unayotoa iko chini."

"Chini ya nini? Ya meza?"

"Koo limeshuka, baba. Ni umri tu."

"Mimi si baba yako! Leta kinanda. Nikikosea, kwaya chukua leo hii. Nisipokosea, funga virago."

Mkuu wa shule, ambaye naye aliwahi kufokewa chumbani humo, alikubali haraka mno.

Mwalimu akavumisha. Binti akabonyeza. Hata mfagiaji aliyekuwa dirishani alisikia tofauti.

"Kinanda kibovu hicho! Mwaka jana tulishinda kwa noti ya nani?" Akawageukia wanafunzi. "Semeni!"

Wakatazama viatu vyao. Kiongozi wa sauti ya kwanza, msichana mrefu wa kidato cha nne asiyejua kudanganya, ndiye aliyejibu.

"Yako huwa tunaiacha, Mwalimu. Mimi huwanong'onezea nyingine."

"Tangu lini?"

"Tangu nikiwa kidato cha pili."

"Na mkaninyamazia?"

"Ungetutukana."

Alitaka kutukana kweli, matusi yalishamjaa mdomoni. Miaka miwili amepunga mikono ukumbini, amepigiwa makofi, kumbe watoto wanamsitiri, tena si kwa kumpenda, bali kwa kumwogopa. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

"Chukua," akamwambia binti. "Na ukiniharibia sauti ya nne, nitakufuata mpaka kwenu."

Akaenda kuketi nyuma kabisa, mgongoni kwa binti. Hakuna aliyemwomba abaki mbele. Binti akainua mkono, kwaya ikaanza, na Mwalimu Rudia, aliyezoea kuona vipaji vya nyuso na macho yaliyoinamishwa, akawaona wanafunzi wake wakiimba huku wakimtazama mwalimu wao mpya usoni.