Jumapili Mlima Alipoanguka

Nifunge macho leo, nizungushe Juba yote kuanzia Gudele mpaka Juba Na Bari, halafu niwekee puani moshi wa jenereta uliochanganyika na karanga za kukaanga. Nitakuambia hapohapo: hii ni Gumbo, Jumapili, watu wametoka kanisani, na tuko bandani kwa Salongo. Banda lenyewe lilikuwa mabati manne na turubai, na ndani joto la kuivisha yai mfukoni. Watu tulijazana mpaka ukitaka kujikuna mguu unakuna wa jirani, naye anakushukuru. Jenereta lilikohoa kwa nguvu, wallahi, samaki wa mtoni walihamia upande wa pili wa daraja kutafuta usingizi. Salongo alikuwa Mganda mwenye tumbo la heshima, baba wa mapacha, ndiyo maana tulimwita hivyo, na kazi yake ilikuwa kutuonyesha mieleka ya Wazungu.

Sasa elewa jambo moja. Ile mieleka mikubwa, ile ya mikanda ya dhahabu, wenzetu wa dunia waliiona siku ileile. Sisi ilitufikia kwa diski, juu ya lori, kutoka Kampala kupitia Nimule, na barabara ilikuwa na mashimo ambayo mbuzi akiingia anatoka na wajukuu. Mpaka diski ifike Gumbo, mshindi alikuwa ameshasahau kama alishinda. Lakini kwetu pambano halijatokea bado. Wiki nzima mtaa ulibishana nani ataanguka. Salongo alichora wapiganaji kwa mkaa kwenye ubao, wote wanafanana na yeye mwenyewe, na kila mtu alipigilia kizibo cha soda chini ya mtu wake. Jumapili ukweli ulijulikana, na aliyekosea alitaniwa mpaka diski nyingine ifike.

Bingwa wa kutabiri alikuwa nyanya yangu, Haboba. Alikuwa mwanamke mrefu, mvua ilimlowesha yeye kwanza, sisi baadaye. Alizaliwa upande wa Terekeka, na huko mieleka si mchezo wa kwenye kioo. Vijana wanajipaka majivu, vijiji viwili vinakutana, wanawake wanaimba, na mgongo wako ukigusa udongo mara moja tu, umekwisha, nenda nyumbani ukanywe maziwa. Haboba alitazama wale Wazungu kama alivyotazama vijana wa kwao. Hakujali kifua. "Kifua ni cha kuonyesha wasichana," alisema. "Anayepigana ni mguu." Aliangalia kifundo, aliangalia kama kisigino kinatua kwanza au vidole, halafu anasema, huyu. Na kweli, huyu! Tatizo lake lilikuwa moja. Mtu akiangushwa chali tu, Haboba anasimama, anapiga vigelegele, anakwenda zake, kwake mambo yamekwisha. Salongo anamkimbilia mlangoni: "Nyabo, mama, rudi! Bado! Hapa lazima refa ahesabu tatu!" Haboba anamwonea huruma. "Mtu amelala chini, wewe unahesabu nini? Ng'ombe?" Na siku moja alinyunyizia televisheni maji ya baraka kwa majani, Salongo alipiga kelele ikasikika Nimule.

Tulikuwa watatu nyumbani: Haboba, kaka yangu Lado na mimi, Kiden. Mama alikuwa ametangulia mbele za Mungu, baba alikuwa jeshini, mbali. Mwaka mmoja mjomba wetu mwenye lori, huyohuyo aliyeleta diski za Salongo, akaja na neno. Mke wake huko Adjumani, upande wa Uganda, amepata nafasi ya kumlea mtoto mmoja na kumpeleka shule. Mmoja. "Nitapita Jumatatu kumchukua," akasema. "Nani, mtaamua wenyewe." Mimi na Lado tulitazamana kama majogoo mawili kwenye kikapu kimoja. Nilitaka shule kuliko nyama. Nilikuwa nimeshaiba karatasi ya sementi, naandika juu yake mistari isiyo na maana na kuwasomea kuku.

Haboba hakulala siku mbili. Siku ya tatu akatuita, akatuketisha kwenye mkeka. "Nikichagua mimi, mmoja atanichukia. Kwetu jambo gumu lilipelekwa uwanjani." Jumapili palikuwa na pambano kubwa, Mlima dhidi ya Fimbo. Majina tuliwapa sisi. Mlima alikuwa na kifua kama mifuko miwili ya sementi. Fimbo alikuwa mwembamba, nywele mpaka kiunoni, ukimwona unataka kumpikia ugali. Kila mmoja achague mtu wake, na mtu wake akishinda, anapanda lori. Haboba alitoa na utabiri wake palepale, kwa wote wawili, bila upendeleo: "Miguu ni ya Fimbo, Mlima ana mguu mmoja mbaya. Anayetaka kunisikia anisikie."

Jumamosi nikatumwa kumpelekea Salongo karanga alizokaanga Haboba za kuuza. Yeye alikuwa nje anagombana na jenereta. Mezani nikaiona diski, imefika asubuhi ile, na kwenye karatasi ya kifuniko, picha: Mlima, mkanda begani, anacheka na meno yote! Moyo wangu uliruka ukagonga bati. Nilikuwa nimemwona mshindi kabla ya dunia nzima, yaani dunia yetu. Nikakimbia nyumbani. "Mimi Mlima," nikasema, hata kabla Lado hajafungua mdomo. Lado akafurahi, kwa sababu yeye alikuwa mtiifu, alimtaka wa Haboba. Haboba alinitazama muda mrefu.

Jumapili alitupaka majivu kidogo kwenye paji la uso, Lado kwanza, halafu mimi, tukaenda. Diski ikagoma mara tatu, Salongo akaifuta kwa shati, ikakubali. Wakashikana. Mlima akamnyanyua Fimbo juu kama kina mama wanavyonyanyua karai la mchanga, akamtupa, puu! Chali. Mgongo wote chini. Haboba akasimama, mikono juu, vigelegele: "Khalas, kwisha! Kiden ameshinda!" Nikamrukia shingoni. Lado akainamisha kichwa. Nikajiona niko juu ya lori, na sare, na begi, na kalamu kila sikio.

"Bado, nyabo, bado!" Salongo akapiga kelele. "Refa amefika mbili tu!"

Kugeuka, Fimbo amenyanyua bega. Amesimama. Sijui nguvu alizitoa wapi, labda kwenye zile nywele. Akamkwepa Mlima mara moja, mara ya pili akamnasa mguu, ule mguu mbaya ambao Haboba alikuwa ameuona, na Mlima akaanguka kwa kishindo, karanga zikaruka kwenye sahani ya bibi mmoja nyuma. Moja, mbili, tatu. Banda likalipuka.

Halafu ndipo ugomvi wenyewe ulipoanza. Nusu ya banda inasema Lado, nusu inasema mimi. "Kwa sheria ya Terekeka, msichana ameshinda!" "Terekeka iko wapi hapa? Hii ni televisheni!" Watu ambao hawajui hata jina letu walikuwa tayari kupigana. Wote wakamgeukia Haboba, kwa sababu kila mtu alijua, yule mama hajawahi kukubali habari ya kuhesabu tatu. Mimi ningeweza kusema, Haboba, sheria yako ni sheria yako. Maneno yalifika hapa, kwenye meno. Lakini macho yangu yakaiona ile karatasi mkononi mwa Salongo, nikauliza kwa sauti ya mbu: "Na hiyo picha, je?" Salongo akacheka. "Hii? Ya mwaka mwingine. Kule Kampala wanabandika picha yoyote, bora iwe na mkanda." Mdomo wangu ukajifunga wenyewe kama mlango wa bati na upepo. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mimi nilivunjika yote mawili.

Haboba akatazama chini, akatazama juu. "Tuko kwenye banda la Salongo," akasema polepole. "Leo tufuate sheria ya banda." Mara ya kwanza maishani mwake. Na ya mwisho, maana mwezi uliofuata alirudia kuondoka mtu akianguka.

Jumatatu Lado alipanda lori. Nililia mpaka vumbi la barabara ya Nimule likawa tope. Jioni yake Haboba alinikalisha jikoni, akanipa mwiko wa kukaangia karanga. "Uliangalia miguu?" akauliza. Nikasema ndiyo. "Uongo," akasema, akaisogeza sahani yake karibu na yangu, tukala. Hakuuliza tena. Mpaka leo sijui kama alifuata sheria ya banda kwa haki, au kwa kuniadhibu, au kwa sababu hakutaka kubaki na mtu mwingine isipokuwa mimi.

Sasa karanga nauza mimi. Banda la Salongo limekuwa duka la mabati, yaani mabati yamebaki, watu ndio wameondoka. Haboba amelala udongoni Terekeka. Lado ni mwalimu Adjumani, na kila kukiwa na mieleka mikubwa ananipigia simu: "Dada, nani?" Nami namwambia binti yangu anishikie simu vizuri nione vifundo. Nashinda mimi, mwalimu anashindwa. Ile picha sijamwambia. Lakini utamu haupo, kwa sababu kabla sijamaliza kutazama miguu, binti ameshasoma matokeo. Yeye anajua kusoma, nilihakikisha. Juzi akanisomea jambo lingine: eti mieleka ile yote hupangwa, kuna mtu anakaa ofisini na kalamu, anaandika nani ataanguka, hata kabla hawajavaa viatu.

Nilicheka. Kumbe shule yangu iliandikwa na mtu asiyejua Gumbo iko wapi! Lakini nikikutana naye, sitamgombeza. Nitampa karanga, nitamwomba aandike Jumapili moja zaidi. Jenereta likohoe, Haboba asimame mapema, apige vigelegele vya makosa, Lado awe ubavuni kwangu na majivu usoni. Mlima na aanguke tena, haidhuru. Lori tu alicheleweshe kidogo.