Basi Lililokuwa Ndani ya Mbuzi

Rachael Nakhumicha hushona sare za shule Ngara, na wateja humsifu kwa sababu mishono yake haifumuki. Mdomo wake ndio waliokuwa wakiucheka. Kitambaa alikiita kitambaa, nguo akaziita nguo, kama watu wote. Lakini bei ilikuwa pei, na gauni likawa kauni. Kibukusu, lugha aliyonyonya kwao Kimilili, hakimpi B, D wala G mpaka zitanguliwe na sauti ya puani. Hilo wateja hawakulijua. Wao walijua kumtania tu: "Mama Kauni, leo ni pei kani?"

Mimi ni jirani yake hapa mtaa wa Satellite. Tunagawana ukuta wa mabati, na ukuta wa mabati hauna siri.

Alipomzaa Nasimiyu, Rachael aliapa kwamba huyu hatachekwa na mtu. Akaweka sheria: humo ndani ni Kiingereza kitupu. Chekechea hakumpeleka, na kucheza nje na watoto wa wapangaji wenzetu wa ploti akamkataza, asije akaokota Sheng ya mitaani. Akabandika chati ya herufi ukutani, akamfundisha mwenyewe. Nikiosha vyombo nilikuwa nikisikia, "B for pall! G for koat!" Na mimi ni Mkamba, ningemsahihisha kwa mdomo gani? Sisi tuna ugonjwa wa kinyume, tunatia mm na nn mahali zisipoitwa. Basi kwetu ni mbasi, gari ni ngari. Nikaendelea kusuuza sufuria zangu.

Nasimiyu akaingia gredi ya kwanza. Haukupita muda, mwalimu wake, Wahu, akamwita Rachael na kumwonyesha karatasi ya imla. Mtoto alikuwa ameandika pus, pak, kate, mahali pa bus, bag na gate.

"Mama Nasimiyu, huyu mtoto ako na akili," Mwalimu Wahu akasema, "lakini anaandika vile anasikia. Asipojua kusoma by end of term, itabidi arudie class. Kwani huko nyumbani ni nani humfundisha?"

Rachael aliikunja ile karatasi akaitia mkobani. Jioni ile alikuja kwangu akanisimulia yote, kiganja kikiwa mdomoni. "Mama Musili, ni mimi. Hiyo ni sauti yangu iko kwa karatasi."

Dawa aliyoichagua ilikuwa kunyamaza. Aliwasha televisheni, katuni zimsemeshe mtoto Kiingereza cha wenyewe, naye akabaki kuashiria: kidole kwenye sahani, kidole kwenye beseni. Ukuta wangu ukawa kimya, na kimya hicho kiliniudhi kuliko kelele zote za ploti hii. Mtoto naye akafunga mdomo. Shuleni akipewa kitabu alitazama picha tu. Nilimwambia Rachael waziwazi kwamba anamfanya mtoto bubu. Akanijibu, "Heri anyamaze kuliko achekwe." Nilimwona mjinga, na bado naona kwamba katika hilo alikuwa mjinga.

Jumamosi moja stima zikapotea. Katuni zikazimika, Rachael akaacha mlango wazi apate mwanga. Mimi nilikuwa uani naanika nguo. Nasimiyu aliketi kizingitini na kitabu chake, kimefunguka kwenye picha ya basi la manjano. Ndipo simu ya Rachael ikalia. Alikuwa ni mamake, kutoka Kimilili. Simu za kwao Rachael huzipokelea nyuma ya tangi la maji, mtoto asisikie. Safari hii furaha ilimshinda, maana mbuzi wa nyumbani alikuwa amezaa mapacha.

"Embusi!" akapaza sauti. "Embusi!" Akamwaga Kibukusu mfululizo, anacheka, anajipiga paja. Miaka yote ya ujirani sikuwahi kumsikia hivyo.

Simu ilipokatika Nasimiyu akauliza, "Mummy, what is embusi?"

Rachael alishtuka kama mtu aliyefumaniwa. "Koat," akasema.

"But you said bus." Mtoto akaweka kidole kwenye neno lililokuwa chini ya picha. "Em-bus-i. Bus!"

"Pus," Rachael akajaribu.

"No. Say embusi."

"Embusi."

"Now say mmm."

"Mmm-bus," Rachael akasema, akasimama palepale. Ilikuwa B safi, imetoka kinywani mwake mwenyewe.

Wakahamia kwenye gate. Rachael akasema kate, akarudia kate, mpaka uvumilivu ukaniisha. "Semeni ngate!" nikafoka, leso yenye maji mkononi. "Sisi husema hivyo na hatujakufa!" Wakasema ngate. Wakawa wanaimeza ile sauti ya puani kidogo kidogo mpaka ikabaki gate. Ndiyo siku pekee Ukamba wangu uliwahi kumsaidia mtu kwa Kiingereza.

Siku ya mtihani wa kusoma, mwisho wa muhula, Nasimiyu alisimama mbele ya darasa akasoma kwa sauti, akiguna kidogo kabla ya kila B na kila G. Wenzake walicheka, kile kicheko ambacho mamake alikuwa akikikimbia miaka yote. Mtoto akaguna tena, akaendelea mpaka mwisho wa ukurasa. Mwalimu Wahu, ambaye kwake lori ni rori, aliwanyamazisha wale wengine. "Hiyo mmm itaisha tu," akasema. Nasimiyu hakurudia darasa.

Siku hizi televisheni yao hupumzika. Jioni Rachael humpa binti yake habari za Kimilili, nusu Kibukusu, nusu Kiswahili, pei na kauni zikiwa humohumo, na mimi husikia vicheko bila kuelewa wanacheka nini. Juzi Nasimiyu alinikuta bombani. Nikamuuliza gredi ya pili inaendaje. Alikuwa na lake, na alinisogelea kuniambia kama mtu anayetoa siri.

"Aunty," akasema, "kumbe mum anajua kuongea."