Ndugu wa Bibi Aliyetoka Uskoti

Hii habari kijijini wanaijua wote, na nikipita pale sokoni Mlali kuna mama mmoja muuza nyanya ambaye mpaka leo huniuliza, "Mzungu wenu hajambo?" halafu anainamia nyanya zake nisione anavyocheka, kwa hiyo bora niwaeleze mwenyewe kabla hamjaisikia imetiwa chumvi.

Bibi yangu mzaa mama, Bibi Mwanaidi, baba yake alikuwa Mskoti. Aliitwa James Miller, alikuwa msimamizi kwenye shamba la mkonge huku bondeni, akaondoka Bibi akiwa bado ananyonya na hakurudi tena. Alichoacha ni maneno machache aliyomwambia mama yake Bibi: kwao ni wakulima, na yeye ndiye kitindamimba. Maneno hayo Bibi ameyatunza maisha yake yote. Mwaka jana aliugua sana, na alipopata nafuu akaniambia, "Zuhura mjukuu wangu, wewe una simu kubwa. Nitafutie kwao baba."

Mimi ni fundi cherehani hapa mjini Morogoro, na Kiingereza changu ni cha kusukumasukuma, lakini niliingia mtandaoni nikajifunza. Kumbe Waskoti wameweka humo sensa zao za zamani, nyumba kwa nyumba, baba, mama, watoto na umri wao (mpaka nani alikuwa kibarua na nani alichunga kondoo). Tatizo ni kwamba James Miller kule ni kama Juma Hamisi kwetu, wamejaa tele. Nikachuja kwa umri, nikachuja kwa kazi ya baba, macho yakaniuma, mwisho nikampata mmoja ambaye kila kitu chake kilikaa sawa isipokuwa kimoja tu: alikuwa mtoto wa kwanza, na wadogo zake walikuwa wameandikwa chini yake. Nikasema moyoni labda Bibi kasahau, uzee tena. Basi nikamweka kwenye tovuti moja ya kutafutia ndugu, na haikupita muda mama mmoja wa kule, anaitwa Agnes, akaniandikia kwamba huyo ni kaka wa bibi yake, alikwenda Afrika akapotea, na yeye mwenyewe anakuja Tanzania kuangalia wanyama, je, anaweza kupita kutusalimia?

Hapo nilipaswa kumhoji. Badala yake nikampigia Bibi simu, Bibi akalia, na baada ya kile kilio sikuwa tena na ujasiri wa kusema ngoja kwanza.

Siku ya mgeni, kijiji kizima kilipanda kwa Bibi. Sufuria za pilau zilikuwa jikoni, shekhe amekuja kuomba dua, Bibi amevaa kanga mpya, na mimi ndiye mkalimani, lile la kitindamimba limegoma kunitoka kichwani tangu asubuhi. Agnes akaingia, mama mtu mzima, akavua viatu mlangoni, akasema "Shikamoo" aliyoifanyia mazoezi njia nzima. Bibi akamshika uso kwa mikono miwili, akamtazama. Agnes akamvika shali ya sufu, machozi yanamtoka, akaanza kueleza kwamba James alimpenda sana bibi yake, yaani mdogo wake, na alikuwa akimbeba mgongoni kwenda naye shuleni.

Watu wote wakanigeukia. Nikasema, "Anasema bibi yake alikuwa dada mkubwa, ndiye aliyekuwa akimbeba James mgongoni."

Mlangoni kulikuwa na binamu yangu Rajabu, mwalimu wa sekondari Gairo (mimi nilijua hatakuja). Akasema taratibu, bila ubaya wowote, "Dada Zuhura, hajasema hivyo. Amesema James ndiye aliyembeba mdogo wake."

Nikatamani ardhi inimeze na cherehani yangu.

"Baba yangu hakuwa na mdogo," Bibi akasema.

Agnes akaniuliza amesema nini, nikamwangalia Rajabu, ikabidi yeye amweleze. Yule mama akawa mwekundu kuanzia shingoni. Bibi akaanza kuivua ile shali, akaikunja vizuri, akamnyooshea, Agnes akakataa kuipokea, wakabaki wameishika wote wawili. Kisha Bibi akasema, "Mwambieni akae ale. Na yeye amemkosa mtu wake."

Alasiri Agnes alikaa na Bibi akimuuliza yote ambayo mimi sikuuliza, Rajabu akitafsiri. Mimi nilikuwa uani nasugua masufuria bila kutumwa na mtu. Nikamsikia Bibi akisema, "Sisi Waluguru ukoo ni wa mama, mimi sikukosa kwetu. Nataka tu kujua kama mama yake baba aliambiwa kwamba nipo."

Hilo ndilo lililoniliza, si aibu.

Agnes amerudi kwao na bado anatusaidia, ananitumia akina James Miller waliozaliwa wa mwisho, na nimejiapiza sitamwita mtu ndugu tena kabla Bibi hajamkubali. Juzi nilimpigia Bibi nikamsomea mmoja, mama yake, kaka zake, mifugo yao. Akataka nimsomee tena tangu mwanzo.

"Huyo," akasema, "usimwambie mtu kwanza."