Debe la Dawa ya Pamba

Debe nililiosha mimi. Nalisema hilo mwanzo kabisa, maana tangu ile miaka ya sabini watu wa Chakol wananisema nyuma ya mgongo. Sasa wasikie kwangu. Nililisugua kwa mchanga na majivu, nikalisuuza mara tatu, nikatia pua ndani. Halikunuka kitu.

Debe lenyewe lilikuwa zawadi, eti! Mume wangu alipeleka pamba safi kuliko ya wote, na karani wa ghala akampa debe tupu la dawa ya wadudu. "Mama atachotea maji," akasema, akicheka. Maandishi ya ubavuni yalikuwa ya Kizungu. Tungeyasoma kwa macho ya nani?

Jumamosi majirani walikuja kutuvunia pamba, na kwetu Wateso mtu akikusaidia shambani unampa ajon, pombe ya wimbi. Chungu kinawekwa katikati, watu wanakizunguka na mirija mirefu, na mwenye boma anavuta kwanza, wageni waone hakuna sumu. Kazi yangu ilikuwa kumimina maji ya moto juu ya ule wimbi uliochachushwa chunguni. Niliyachemshia ndani ya lile debe.

Mume wangu akavuta. Alivuta sana, alikuwa na furaha siku hiyo, na wazee wakamtania, "We, tuachie!" Kabla wa pili hajatia mrija, jasho lilimtoka mume wangu kama amenyeshewa. Mate yakamjaa, miguu ikatetemeka. Walimpakia kwa baiskeli kumpeleka hospitali. Hakufika.

Shemeji yangu, mdogo wa marehemu, alisimama uani akasema, "Amekufa peke yake. Hii ni kazi ya mwanamke." Nikawaonyesha debe. Nani alinisikiliza? Wapi!

Siku ya mazishi vyombo vya maji vilipungua. Karani akaja na pole zake na madebe mengine mawili. "Nimeyaosha mwenyewe, mama."

Loo! Nilichukua shoka nikayapiga mbele yake, nikilia, nikimtukana. Shemeji akanishika mikono, akamwomba karani msamaha kwa niaba ya ukoo. Halafu akayageuza madebe, akayachungulia moja moja. Moja lilikuwa limebonyea tu, halikutoboka. Akalibeba kwake, mke wake achotee maji.