Wastani wa Mto

Mtakwimu wetu ana vidole laini na sauti ya kubembeleza mtoto. Kila mwezi huchukua vipimo vya maji ya mto kutoka juu, kabla ya kiwanda, akavichanganya na vya baada ya kiwanda, akagawanya, kisha akatangaza bila kupepesa macho: "Wastani uko salama, jamani." Mto mzima, eti! Kipimo kikizidi mno hukifuta: "Kosa la mashine hilo." Nikimtajia samaki wanaoelea matumbo juu, hupangusa miwani: "Samaki si takwimu, ndugu yangu." Leo mama wa chai alimwekea kikombe. Mtakwimu akakinusa, akakirudisha mezani. "Mama, maji haya umeyachota wapi?" "Kule juu, bosi, kabla ya kiwanda." Ndipo akanywa, taratibu, mpaka tone la mwisho.