Pesa ya Arobaini

Ijumaa ya kwanza ya likizo ya Aprili 2004, saa nne na nusu asubuhi, mzee mmoja aliyetoka soko la ng'ombe la Bisil aliingia duka la shangazi hapa Kitengela. Aliomba sukari na majani ya chai, akalipa kwa sarafu moja ya shilingi arobaini.

Shangazi aliigeuza akacheka. "Mzee, pesa ya arobaini umetoa wapi? Umechonga nyumbani?"

Wateja wote wakacheka. Mzee akaanza kurudisha sukari.

Mimi humsaidia shangazi dukani wakati wa likizo; huwa siongei na wateja, napima na kufunga tu. Lakini sarafu hiyo nilikuwa naitafuta tangu mwalimu wa historia atuambie ilitolewa Kenya ilipofikisha miaka arobaini ya uhuru.

"Hiyo ni pesa ya kweli," nikasema, na sauti yangu ikanishtua. Nikatia sarafu zangu mbili za shilingi ishirini kwenye droo, nikaichukua ile ya mzee.

"Ikikataliwa, usiniombe nauli ya kurudi shuleni," shangazi akasema.

"Ashe, nakerai," mzee akanishukuru kwa Kimaasai, akiniita mtoto, akabeba sukari yake.

Asubuhi iliyofuata niliiweka sarafu hiyo chini ya kioo cha kaunta, na kila mteja aliyeuliza nilimjibu mimi mwenyewe.