Kipande cha Mtoni

Shoka ndilo nililolisikia kwanza. Ukungu ulikuwa bado umelala juu ya majani ya chai, hata jiko la nyumbani halionekani, na mlio ukapanda kutoka bondeni: ta, ta, kimya, ta. Mwanangu, nakumbuka asubuhi ile kuliko siku ya harusi yangu. Mama alikuwa ameketi mlangoni akisugua vibuyu vya maziwa. Akainua kichwa.

"Kipkirui, ni nani anakata miti kwetu?"

Nilijua ni nani. Siku tatu kabla, nilikuwa nimemuuzia Arap Kimeto, mfanyabiashara wa Roret, kipande chetu cha mtoni, na sikuwa nimemwambia mama.

Baba alikuwa amefariki, nami, mtoto wa pekee, nilijiona mwenye boma. Rafiki yangu Nyakundi alikuwa amepata lori kuukuu la kubeba mahindi kutoka Mulot, akataka mshirika kabla ya Jumamosi. Hiyo ilikuwa miaka ya mwanzo ya sabini, na hapa Kiptere chai ilikuwa imetuingia kichwani. Tulikuwa tumeipanda hadi kwenye ukuta wa jiko. Ukiulizwa una shamba kiasi gani, ulijibu kwa idadi ya miche. Sasa, afisa wa chai alikuwa amekataa kutupa miche ya kupanda kule mtoni, kwa kuwa pana majimaji na ni mbali na barabara. Basi mimi nikaona pale si shamba, ni mahali patupu. Arap Kimeto hakunibembeleza. Alisema tu, "Kijana, pesa ni hizi, maneno mengi ya nini?" Nikazipokea nikiwa nimesimama, nikampelekea Nyakundi.

"Nimeuza, mama," nikasema. "Palikuwa panakaa bure."

Mama akasimama. Alichukua kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya kugandisha, na kikombe kimoja. "Twende ukanionyeshe hiyo bure."

Tulimkuta Arap Kimeto amevua koti, ameshaangusha miti miwili aliyoipanda baba. Mama alimsalimu kwa heshima, akammiminia maziwa. Kwetu hukatai maziwa uliyopewa na mwenye boma, wala huyanywi huku umeshika shoka. Akaliweka chini.

"Mpaka ulionyeshwa na nani?" mama akauliza.

"Kijana wako."

"Wazee wa kokwet walitembea na nyinyi?"

Kokwet ni baraza la majirani. Siku zile shamba halikuhama mikononi mwa mtu kabla wao hawajaukanyaga mpaka kwa miguu yao.

Arap Kimeto alinigeukia. "Si uliniambia mambo ya nyumbani yamekwisha?"

"Yangekwisha," nikasema.

"Huyu ni mkulima ama ni wakili?" Arap Kimeto akamuuliza mama.

Mama akanigeukia. "Kipkirui, uji uliokunywa leo ni wimbi la wapi?"

Nikaonyesha kando ya mto kwa kidevu.

"Na nyasi iliyoezekea nyumba unayolala?"

Nikaonyesha tena.

"Na jua la Januari likiwaka, ng'ombe wanakula nini? Chai? Ama nitawachungia juu ya kichwa chako?"

Arap Kimeto alipaliwa na maziwa. Mama alimngoja amalize kukohoa. "Mzee, mimi sikufukuzi. Lakini siku bodi ya ardhi itakapokaa kupitisha mauzo haya, nitasimama niseme sikuulizwa. Na majirani watasema hawakuuona mpaka."

Alifuta mdomo, akafikiri. "Sigombani na mjane. Nirudishiwe pesa zangu zote kabla bodi haijakaa. Zisipotimia, tutaonana huko huko."

Zilikuwa zimebaki wiki mbili. Nilidandia lori la ng'ombe hadi Mulot, nikamkuta Nyakundi chini ya gari lake, miguu tu ndiyo inaonekana.

"Ndugu yangu, nataka pesa zangu."

"Si hizo hapo," akasema, akaligonga gurudumu jipya kwa spana. "Zifungue uende nazo."

Alitoka huko chini amepakaa mafuta, akaniona uso wangu, mzaha ukamwisha. Alinipa kilichobaki mfukoni mwake. Kingine nilikibeba kwa mgongo: magunia ya mahindi, siku kumi, hadi ngozi ya bega ikachubuka. Redio yangu nayo nikamuuzia mwenye hoteli ya chai huko Mulot.

Kabla sijakuambia ilivyokwisha, nisikilize. Najua na wewe umejiwa na mtu mwenye pesa mkononi, naye anataka jibu leo. Haraka hiyo ni yake, usiifanye yako. Usiseme shamba ni tupu hadi ulitembee pamoja na yule anayelitegemea, tena wakati wa kiangazi, maana mvua ikinyesha kila mahali ni kijani na huwezi kujua. Simkatazi mtu kuuza. Watu huuza kwa ugonjwa, kwa karo, na hawana kosa. Lakini ukiuza, uza ukiwa umeketi, watu wa nyumbani kwako wakiwa pale, majirani wakiwa pale. Jambo unaloogopa kumwambia mama yako, usilitie sahihi. Mungu akupe miguu ya kuuzunguka mpaka wako ukiwa na mvi, na mifugo yako isikose nyasi mwezi wa jua kali.

Arap Kimeto alikuja siku moja kabla ya bodi. Nilimwekea pesa zake mezani, zote. Hakunitazama mimi, alimtazama mama.

"Kijana wako amenipotezea wakati."

"Na wewe umenipotezea miti miwili," mama akasema. "Kunywa maziwa."

Akacheka, akanywa, akavaa kofia yake. Mama alinisukumia jembe kwa mguu, na miche miwili ya miti iliyofungwa kwa jani la mgomba. Nilipokuwa nimeinama kuiokota, nilisikia mlango ukifungwa nyuma ya yule mzee.